UZI: "Mdogo" atakayemnyonga Cersei ni nani? Njooni tuimalize Barafu na Moto wenyewe

Kato wa Busia (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Natahadharisha mapema: ambaye hajamaliza kitabu cha tano ageuze boda hapahapa. Humu hatufichi kitu.

Nazungumzia kisa cha George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, ambacho huku Busia tunakiita Barafu na Moto tu. Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000, cha nne 2005, cha tano Julai 2011. Baada ya hapo kimya. Mwanzo vilikuwa viwe vitatu. Sasa hesabu ni saba, na viwili vya mwisho hakuna aliyevishika mkononi. Tamthilia yake, Game of Thrones, ilianza 2011 ikamaliza mambo yake 2019 bila kumngoja mwenye kisa. Jinsi ilivyomaliza mnakumbuka. Kibanda kizima cha video tulitoka kimya kama watu wanaotoka kuzika. Hata VJ wetu, yule anayetutafsiria filamu, ambaye hakosi la kutia, alizima maikrofoni.

Kitabu cha tano nilikinunua soko la Owino, Kampala, kimefukiwa chini ya rundo la mivumba. Jalada limekunjika pembe, kinanuka sabuni ya unga, na kuanzia sura ya mwisho ya Jon Snow, kamanda wa Ukutani, hadi nyuma hakuna kitu, gundi kavu tu. Nikakaa nikiamini Jon anatuaga akisoma ile barua ya kutoka Hardhome, ya wafu majini. Kwamba wenzake walimchoma visu nilikuja kuona kibandani.

Sasa nadharia. Malkia Cersei akiwa msichana alikwenda kwa mganga, Maggy. Akaambiwa ataolewa na mfalme, mfalme atazaa watoto kumi na sita, yeye watatu, na wake watavaa taji za dhahabu na sanda za dhahabu. Atakuwa malkia mpaka aje mwingine, mdogo na mzuri kuliko yeye. Na akishalowa kwa machozi, "valonqar" atamzungushia mikono shingoni amalize kazi. Neno ni la Kivalyria, lugha ya kale ya humo kisani. Akamuuliza mtawa aliyekuwa akimlea, akaambiwa maana yake ni ndugu mdogo wa kiume. Tangu siku hiyo Tyrion, mdogo wake, hakulala salama.

Lakini Cersei ana wadogo wawili. Jaime alizaliwa nyuma yake akiwa ameushika mguu wake. Wazungu walihitaji kukumbushwa hilo. Sisi hapa nani atukumbushe? Wakitoka mapacha, msichana mbele mvulana nyuma, ni Babirye na Kato, na baba yao Bwana Tywin ni Ssalongo, baba wa mapacha, basi. Mimi mwenyewe ni Kato. Babirye wangu alinitangulia muda mfupi tu, na mpaka leo nikifika kwake ni mimi ninayetumwa dukani. Hakuna Kato asiyejua kwamba yeye ni mdogo.

Kwa hiyo ni Jaime. Alimuua Mfalme Aerys ili mji usiteketezwe kwa moto wa kijani, watu wakamwita mvunja kiapo kwa jambo jema pekee alilofanya. Na Cersei katika kitabu cha nne ameuchoma Mnara wa Mkono wa Mfalme kwa moto huohuo, na macho yake yanang'aa. Barua yake ya kuomba msaada Jaime ameitupa motoni. Mkono mmoja wa nyama, mmoja wa dhahabu. Tamthilia waliikata ile sentensi ya kunyongwa, wakawafukia wote wawili chini ya kifusi wamekumbatiana. Waliikata kwa sababu iliwashinda.

Haya, nipingeni.

Msomi wa Wandegeya

Mkuu Kato, nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya rolex, ile chapati ya mayai, naomba nianze kupinga kabla mayai hayajaiva.

Jaime ni jibu la daraja la pili. La kwanza ni Tyrion, ambalo Cersei analiamini. La pili ni Jaime, ambalo msomaji mjanja analiona halafu anajipongeza. Martin anajua utafika hapo. Kwa nini akusubiri hapo?

Rudini kwa Mzee Aemon, yule kipofu, anavyofia melini katika kitabu cha nne. Kuna unabii mwingine: miaka elfu wamemngoja mwanamume aliyeahidiwa. Aemon anakuja kugundua kitandani pa kufia kwamba kosa lilikuwa la tafsiri: majoka hayana dume wala jike la kudumu, na neno la Kivalyria halikusema mvulana. Waliotafsiri ndio waliomvisha suruali. Katika tamthilia pia, mkalimani Missandei analisema jambo hilohilo mbele ya kuhani Melisandre.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu hosteli. Ukilisema kwa Kiswahili kosa halipo! "Mwanamfalme aliyeahidiwa." Nani amekwambia ni wa kiume? "Atakuja, atauchomoa upanga wake motoni." Nani huyo? Yeye. Utabiri wote unapita katika Kiswahili bila mtu kujua jinsia ya anayengojwa. Wanazuoni wa Oldtown wamepotea miaka elfu kwa jambo ambalo mtoto wa Malaba hawezi kupotea.

Sasa itie kanuni hiyo kwenye valonqar. Mtawa amemwambia Cersei "wa kiume". Na mtawa naye ametafsiri! Ukisema "mdogo" tu, mlango umefunguka: Daenerys, mwenye majoka, ni mdogo wa Rhaegar na Viserys. Arya ni mdogo wa Robb na Sansa, na anaweza kuvaa sura ya mtu yeyote, hata ya Jaime. Tena Maggy hakusema "mdogo wako". Alisema valonqar, basi. Mdogo wa nani?

Mayai yameiva. Nitarudi.

Nnalongo

Wanangu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na tangu serikali ya Uganda iseme 2022 kwamba somo hili ni la lazima msingi na sekondari, neno "mdogo" nimelieleza ubaoni mpaka chaki zimekwisha. Msomi yuko sahihi kwamba halina jinsia. Ila asitutie wote kapu moja. Kwa Kiganda, msichana akisema "mwannyinaze" amekwisha kukuambia ni ndugu yake wa kiume, kwa sababu ni neno la ndugu wa jinsia nyingine. Kinyume chake vilevile. Na Waswahili wa zamani walikuwa nalo la aina hiyo, "umbu", ingawa siku hizi ukimwambia mtoto umbu anafikiri umemwita mbu.

Kwa hiyo sijui Kivalyria kimekaa upande gani. Kama kiko upande wa "mdogo", nadharia ya Msomi inasimama. Kama kiko upande wa "mwannyina", mtawa alisema kweli na Kato ameshinda. Aemon alizungumzia neno la mwanamfalme, hakuzungumzia kila neno katika kamusi. Kosa la tafsiri mahali pamoja si leseni ya kuwashuku watafsiri wote. Sisi walimu tuna wivu na kazi yetu.

Halafu mniwie radhi, mambo ya mapacha Kato ameyasema sawa kabisa. Mimi wangu ni Wasswa na Nakato, mvulana mbele msichana nyuma.

Boda wa Kabalagala

Nimetandika mkeka hapa. Endeleeni.

Abwoli

Naandika kutoka Hoima, Bunyoro. Ndugu zangu mnatafuta nani, mimi nawauliza ametoka wapi.

Huku kwetu mfalme Isaza aliposhuka nchi ya Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, asirudi, bawabu wake Bukuku alikalia kiti. Waaguzi wakamwambia: muogope mtoto atakayezaliwa na binti yako Nyinamwiru. Bukuku akamfungia binti ndani ya boma ambalo mlango wake unapitia nyumbani kwake mwenyewe. Isimbwa, mwana wa Isaza, akaingia hivyohivyo. Mtoto akazaliwa, akatupwa mtoni, kitovu kikanasa kwenye tawi, mfinyanzi akamwokota akamlea. Mtoto akakua, akagombana na wachungaji wa mfalme penye maji ya chumvi ya ng'ombe, Bukuku alipokuja kuamua ugomvi akachomwa mkuki. Huyo mtoto ni Ndahura, na mti wa Nakayima kule Mubende watu wanakwenda kwake mpaka leo.

Tazameni vizuri. Bila lile boma, Nyinamwiru angeolewa na mtu wa kawaida tu. Bukuku ndiye aliyemfinyanga muuaji wake.

Sasa mtazameni Cersei. Ameambiwa atakuja malkia mdogo kuliko yeye. Anaamua ni Margaery, mke wa mwanawe. Ili amkomoe, anawarudishia watu wa Imani silaha ambazo wafalme walikuwa wamewanyang'anya zamani, anatunga mashtaka ya uzinzi, na wale aliowapa silaha wanamkamata yeye mwenyewe. Anatembezwa uchi mjini, amenyolewa. Nani alimfanyia? Si Margaery, amejitendea. Basi na la mdogo ni hivyohivyo. Tyrion alikuwa tayari kumpenda mtu yeyote ambaye angempenda. Jaime alimpenda tangu tumboni. Mmoja amemfanya muuaji wa baba, mwingine amemfanya mtu anayechoma barua. Anawatengeneza wote wawili kwa bidii, wa tatu wa kutoka nje wa nini?

Kwa hiyo Daenerys na Arya naona ni watu wa kupita kwenye hoja hii. Muuaji aliyetabiriwa hutoka ndani ya boma.

Kato wa Busia

Abwoli hapo umeniinua kwenye kiti. Hii ya Bukuku naiweka mfukoni, nitaisema kama yangu.

Msomi wa Wandegeya

Nakubali nusu. Arya namtoa. Daenerys anabaki kwa ukaidi wangu.

Afande wa Bombo

Habari zenu. Kiswahili mimi nilikipata kambini na sio shuleni, Nnalongo atanisamehe. Nimewasikiliza ukurasa mzima mnabishana neno moja wakati kuna mtu amezingirwa na theluji, askari wake wanakula farasi, na adui yuko njiani. Stannis! Mbona hakuna anayemuuliza Stannis, yule anayedai kiti cha ufalme?

Hali ilivyo mwishoni mwa kitabu cha tano: Stannis amekwama kijijini mwendo wa siku tatu kutoka Winterfell. Kuna maziwa mawili yameganda. Watu wa kaskazini wanatoboa barafu wavue samaki, matundu mengi. Ndani ya Winterfell, ngome iliyo mikononi mwa akina Bolton, watu hawapendani, koo za Manderly na Frey zinakaribia kuchinjana mezani, kwa hiyo Roose Bolton anawatoa wote nje: nendeni mkapigane huko. Frey wanatangulia, farasi wakubwa, chuma kizito, hasira. Na Karstark mzee aliye ndani ya kambi ya Stannis ni msaliti, ila katika ile sura ya Theon aliyoitoa Martin mwenyewe tukiwa bado tunangoja kitabu cha sita, Stannis amekwisha kumjua.

Sasa mimi sijawahi kuona ziwa limeganda. Barafu yetu iko juu Rwenzori na sikupandishwa huko. Lakini mafunjo nayajua. Anayetoka sehemu za ukame akiona mafunjo anaona uwanja: kijani, tambarare, panaonekana pamefumwa kama mkeka, na pamefumwa kweli. Mtu mmoja mwepesi anapita. Wa pili anapita. Weka wa kumi na mzigo mgongoni, mkeka unafunguka na chini hakuna ardhi. Nilimwona ng'ombe mmoja akienda hivyo nikiwa kijana. Hakupiga hata kelele. Maji yalipanda mpaka masikioni, mafunjo yakajifunga juu yake, mwenye ng'ombe amesimama na kamba mkononi.

Hiyo ndiyo barafu iliyotobolewa. Mashabiki wa huko nje wana nadharia kwamba Stannis atawasha moto wa ishara katikati ya ziwa usiku wa tufani, Frey wadhani ni kambi, wapande kasi moja kwa moja juu ya matundu. Mimi kama askari naipa alama zote. Mazingira ameyaeleza mara nyingi mno kwa mtu anayepamba tu. Mwandishi hakuonyeshi matundu ya samaki kurasa zote hizo ili ule samaki.

Baada ya hapo unavaa sare za waliozama, unakwenda Winterfell kama Frey walioshinda. Hapo ndipo inaingia ile barua iliyomfikia Jon, inayosema Stannis amekufa baada ya siku saba za vita. Barua za zamani za Ramsay, mwana wa Roose, zilikuwa na lakiri ya nta ya waridi iliyokazwa kama kifungo. Hii ya mwisho nta imepakwa tu. Na aliyeiandika anamdai Reek, yaani Theon mateka wake, na bi harusi, maana yake hajui walipo. Katika kazi yetu ujumbe wenye muhuri mbovu hauwi amri mpaka uthibitishwe. Jon hakuthibitisha. Alisimama akawasomea watu wote ukumbini, na visu vikafuata.

Naamini aliiandika Ramsay, ila ameandika alichoambiwa na watu waliomdanganya. Wapo wanaosema ni Stannis mwenyewe, wengine Mance, mfalme wa watu wa nje ya Ukuta. Hao wamependa mno ujanja.

Nnalongo

Afande, masahihisho sina, nimesoma nikiwa nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa. Ila usimpite Manderly hivihivi. Zile sambusa!

Kwa ambao walisoma haraka: Frey watatu waliondoka kwa Manderly wakapotea njiani. Kwenye harusi ya Ramsay anakuja na mikate mitatu mikubwa ya nyama, anawakatia wenyeji kwa mkono wake, anakula na yeye, halafu analewa na kumwomba mwimbaji awaimbie ule wimbo wa Mpishi Panya, yule aliyemwokea mfalme mwanawe. Hakuna mahali palipoandikwa nyama ni ya nani. Hakuna haja.

Kilichonifurahisha mimi ni sheria yake. Mpishi Panya hakulaaniwa kwa kuua wala kwa kulisha. Alilaaniwa kwa kumuua mgeni chini ya dari lake. Manderly alipowaaga wale Frey aliwapa kila mmoja farasi kama zawadi ya kuagana. Kwetu Buganda mgeni akiondoka unamfungia entanda, chakula cha njiani, na ukishamfungia entanda ugeni umekwisha. Yule mzee mnene amefunga entanda, amesindikiza mpaka langoni, amehesabu hatua, ndipo akanoa kisu. Hajavunja hata mwiko mmoja. Wasomaji wengi wanamwona kichekesho tu, mimi ndiye ninayemwogopa kuliko wote kaskazini.

Teksi ya Kamwokya

Samahanini kuwamwagia maji. Mnapanga sherehe ya mtoto ambaye hajatungwa mimba. Januari 2016 mzee alikiri kwamba tarehe zimempita. Oktoba 2022 akasema amefika kama robo tatu. Mwaka uliofuata bado anataja kurasa 1,100. Amezaliwa Septemba 1948, pigeni hesabu wenyewe. Na hiki ni cha sita, bado cha saba.

Halafu mnazichambua dalili kama vile ana ramani. Ile barua yake ya 1993 kwa wakala wake, iliyovuja 2015, inasema Jaime atawaua wote walio mbele yake ili akalie kiti, kisha amsingizie Tyrion. Jaime huyohuyo wa Kato, wa kuokoa mji! Mle ndani pia Jon na Arya wanapendana. Mtu aliyebadilisha hayo yote atashindwa kubadilisha valonqar?

Kato wa Busia

Ndugu yangu Teksi, barua hiyo iko upande wangu pia. Ilitaja watano watakaofika mwisho: Tyrion, Daenerys, Arya, Bran, Jon. Cersei hayumo. Jaime hayumo. Miaka yote hiyo amebadilisha njia, lakini waliokatiwa tiketi ni walewale.

Martin mwenyewe husema waandishi wapo wa aina mbili, msanifu anayechora nyumba kabla ya kuweka tofali, na mkulima wa bustani anayepanda akangoja aone. Yeye ni wa bustani. Sawa. Lakini mkulima aliyepanda muhogo hangoji mahindi. Unabii wa Maggy umechapishwa 2005, hauwezi kung'olewa. Kilichobaki ni lini na kwa mkono gani.

Kwamba hatakimaliza, huenda. Ila hapo tumeacha kuzungumza kisa, tunazungumza afya ya mzee wa watu, na mimi huko siingii.

Msomi wa Wandegeya

Nimerudi, na nimekuja na kijana wangu Aegon. Tamthilia walimruka kabisa, kwa hiyo hapa wote tuko sawa, hakuna aliyechungulia majibu.

Anasema ni mtoto wa Rhaegar, alibadilishwa uchangani kabla ya mauaji. Anatua na Kikosi cha Dhahabu, mlezi wake Jon Connington ana ugonjwa wa ngozi kugeuka jiwe na anauficha. Swali: ni Aegon kweli au ni uzao wa Blackfyre, tawi la ukoo huo lililoasi? Kikosi hicho kiliundwa na waasi wa Blackfyre, na hakijulikani kuvunja mkataba, ila safari hii kimevunja. Daenerys naye katika ile nyumba ya wachawi aliona joka la kitambaa linayumba juu ya vijiti, watu wanashangilia. Kitambaa!

Upande wa pili kuna Varys, bwana wa majasusi. Mwishoni mwa kitabu cha tano anamsifia Aegon kwa Kevan, ami yake Cersei, anayekata roho. Unamdanganyaje mtu anayekufa? Kwa faida gani?

Abwoli

Watoto wadogo wa Varys wenye visu walikuwa wanasikiliza pia.

Msomi wa Wandegeya

...Abwoli. Sikuwafikiria wale watoto. Hapo naenda kulala.

Nnalongo

Kabla hujalala, mimi sioni kama ukweli wake utabadilisha kitu. Watu wa mjini wanataka mfalme kijana, msafi, anayejua kufua nguo zake na kuvua samaki. Daenerys atafika amechelewa na kukuta kiti kimekaliwa na mtu anayependwa. Hilo ndilo litakalomvunja, nadhani, na si kengele za mji kama tulivyoonyeshwa kwenye tamthilia. Katika vitabu aliwafungia majoka wawili shimoni kwa sababu ya mifupa ya mtoto mmoja, Hazzea. Mtu huyo kumfikisha kwenye kuchoma mji kunahitaji sababu nzito, na Aegon ni sababu.

La Jon kuwa mtoto wa Rhaegar na Lyanna Stark sitalirudia, limekwisha. Ila wanaolia kwamba atakuwa si Stark tena wananishangaza. Katika Buganda watoto wa mfalme hufuata ukoo wa mama. Kabaka huchukua muziro, yaani mwiko wa ukoo, wa mamake. Kwa sheria hiyo Jon ni mwanamfalme na ni mbwa mwitu wa Stark kwa wakati mmoja, bila mgogoro wowote. Mgogoro ni wa kwao huko.

Afande wa Bombo

Moja la mwisho, nalisema kwa uchungu. Shireen, binti wa Stannis. Watengenezaji wa tamthilia walisema 2015 kwamba kuchomwa kwa yule mtoto kumetoka kwa Martin. Lakini katika vitabu Stannis yuko kwenye theluji na mtoto yuko Ukutani na mama yake na Melisandre. Na katika ile sura ya Theon, Stannis anamwambia askari wake Massey: ukisikia nimekufa, mkalishe binti yangu kwenye kiti. Baba anayesema hivyo hajapanga kuni.

Kwa hiyo naona mawili. Ama watamchoma yeye hayupo, ili Jon afufuke, na Stannis ashinde vita vya barafu arudi akute majivu. Ama atarudi, usiku mrefu uanze kweli, na amchome mwenyewe akijua. La pili ni baya zaidi, ndiyo maana naliamini. Nina binti wa umri ule. Sura hiyo ikitoka nitampa mtu mwingine aisome kwanza.

Boda wa Kabalagala

Afande, nitakusomea.

Kato wa Busia

Nashukuru wote. Msimamo wangu: Jaime, kwa mkono wa dhahabu, moto wa kijani ukiwa tayari umewashwa mahali. Nawekea rolex mbili. Msomi aweke kwa Daenerys. Tukutane kitabu kikitoka.

Babirye

Nimetumiwa huu uzi na mtu wa Busia ambaye hatatajwa.

Kato. Kitabu hicho hakikununuliwa Owino. Ni changu, uliondoka nacho nyumbani kwangu Krismasi, na sabuni inanuka kwa sababu ulikitia kwenye mfuko mmoja na nguo nilizokufulia. Kurasa za mwisho ninazo mimi. Nilizikata kwa kisu cha jikoni nilipokuwa nasafiri kwenda Mbale, kitabu kizima kilikuwa kizito, na ziko kwenye bahasha juu ya kabati. Ungeuliza ungeambiwa.

Jambo la pili, mama anasema hukushika mguu wa mtu. Ulichelewa mpaka mkunga akadhani hakuna wa pili, akaanza kukusanya vitu vyake.

Njoo Jumapili uzichukue. Ukipita dukani leta mkate na maziwa.